Risasi za Mafuta ya Nazi

Kabla jeneza la Salum halijainuliwa, mwanawe mkubwa alisimama barazani pale kwao Mtoni, akavua miwani, akasema yale ambayo watu husema siku kama hiyo. "Ndugu zangu, mzee alikuwa binadamu kama sisi. Kama yupo aliyekosewa naye, kwa neno au kwa tendo, tunamwomba amsamehe hapa hapa. Na mwenye kumdai aje kwetu, tusimlaze na deni." Tuliokuwa tumesimama mpaka ukingoni mwa barabara ya Kilwa tukaitikia kwa pamoja, "Tumemsamehe!" Mimi niliitikia kwa sauti ya ualimu, ile ya kuwanyamazisha watoto sitini, hadi mwenye kanzu aliyesimama mbele yangu akageuka kunitazama. Sikuwa na la kumsamehe. Kwa miaka thelathini na kitu nimeamini kwamba kati yangu na Salum mwenye deni ni mimi, na deni lenyewe ni mguu wake wa kulia, uliokatwa juu ya goti kwa sababu ya mafuta niliyoyachagua mwenyewe. Makaburini nilitia udongo makonzi matatu, nikajifuta mikono kwenye suruali, nikajisemea moyoni kwamba sasa yamekwisha. Mjinga ni mjinga tu, hata akistaafu.

Mwaka ninaotaka kuusema nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri kuitwa chuo cha ualimu. Nilikotoka nitasema jambo moja tu, kwamba ni Tabora, kwenye nyuki na magobore. Mengine hayamsaidii mtu. Nilifika mjini masika yakianza, nikapata ukarani katika duka la Bwana Khalfani, Mwarabu wa hapa hapa Mtoni, ambaye babu yake aliuza chumvi na yeye akauza misumari na rangi. Bwana Khalfani alikuwa na shamba Mbweni, la mihogo na mikorosho. Siku hizi ukitaja Mbweni watu wanakuuliza una ndugu gani mkubwa serikalini. Wakati ule kulikuwa pori, na nguruwe walikuwa wakiila mihogo yake kama wameipanda wao. Alinisikia nikimsimulia mteja jinsi kwetu watu wanavyolinda mahindi kwa gobore, akaniita nyuma ya duka, akatoa bunduki iliyoviringishwa kwenye gunia. "Hii unaiweza?" Nikatia kidole mdomoni mwa mtutu, nikashangaa. Halikuwa gobore la kienyeji la bomba laini, la kutia vipande vya nondo. Ndani ulikuwa na mifereji iliyojipinda, na pamoja nayo palikuwa na kalibu ya kusubia risasi ndefu, zenye ncha mbele na shimo nyuma, na mifereji mingine mitatu kuzunguka kiuno. Ilikuwa bunduki ya baba yake, ina kibali, na nyumbani kwake hakubaki mtu anayejua kuilisha. "Nenda Mbweni na Salum," akasema. "Mkinilindia mihogo yangu mwaka mzima mpaka ivunwe, ile pembe ya shamba yenye msufi nakupa, ujenge. Natamka mbele ya mwanangu." Salum alikuwepo, amekaa juu ya ndoo ya rangi, anatafuna karanga. Akasema, "Nimesikia, baba."

Bunduki ya kushindilia haina siri, ina masharti. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unafuatisha kiduara cha karatasi ngumu, unaisukuma risasi kwa dole gumba, kisha kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, taratibu bila kugonga, mpaka alama uliyoichonga kwenye mdeki ilingane na mdomo wa mtutu. Alama ikibaki juu, risasi haijafika, na ukifyatua hivyo utakayemuumiza ni wewe. Fataki, ile kofia ndogo ya kuwasha baruti, huja mwisho kabisa. Lakini sharti kubwa ni mafuta. Baruti ile nyeusi huacha masizi mazito, na risasi isiyopakwa mafuta kwenye mifereji yake itapita mara ya kwanza, mara ya pili itagoma, mara ya tatu itanasa katikati. Kwetu tunachanganya nta na shahamu ya ng'ombe, nta iyashike mafuta na mafuta yailainishe nta. Nta nilikuja nayo, kipande cha ukubwa wa ngumi nimekifunga kwenye gazeti. Shahamu ndiyo ilikuwa taabu, maana mwenye bucha wa mjini hakupi mafuta bure, anayapima pamoja na nyama. Na Bwana Khalfani alikuwa mtu wa kubana. Risasi tulisubu kwa chubwi kuukuu za kuzamishia nyavu na vile vyuma vya kubalansia matairi tulivyookota kwenye gereji za Temeke. Baruti alitupimia mwenyewe kwa kizibo cha chupa ya wino, fataki akatugawia kama vidonge vya mgonjwa, na kila akitukabidhi alisema, "Akiba haiozi." Mimi nilizipanga risasi wima kwenye sahani ya bati, nikazimwagia mchanganyiko wa moto mpaka ufunike mifereji, na ukishapoa nazitoa moja moja kwa kipande cha bomba la nusu inchi. Mafuta yaliyobaki sahanini yakarudi kwenye kopo. Nilijivunia ubahili ule kama vile nimeubuni mimi.

Nyumba ya Mbweni ilikuwa ya udongo na mawe, vyumba vitatu, na jiko la mabati matupu limejitenga uani. Chumba cha nyuma alilala Dada Zuwena, dada mkubwa wa Salum, aliyekuwa ameachika na kurudi kwao na sanduku moja na mbuzi yake ya kukunia nazi. Baba yake alimleta atupikie, na nadhani pia asionwe sana na majirani wa Mtoni. Chumba cha kati kilikuwa cha Bwana Khalfani akija. Mimi na Salum tulilala chumba cha mbele, kwenye vitanda viwili vya kamba, na bunduki ikining'inia katikati yetu kwenye misumari miwili. Salum alikuwa rika langu, mwembamba, hatulii mahali pamoja, winga wa kulia wa timu ya vijana wa Bunju. Alikuwa akipita nyuma yangu ninapopaka mafuta, anasema, "We Tadei, hiyo bunduki umeioa? Wenzio wanawapaka mafuta wake zao." Dada Zuwena akimjibu toka jikoni, "Mwache mwenzio, angalau anajua kitu kimoja. We unajua nini zaidi ya mpira?" Tulikula mihogo ya nazi mpaka nikaanza kunukia nazi mwenyewe. Dada Zuwena alikuwa akituwekea samaki wa kukaanga juu ya sinia moja, sote watatu, na kile kichwa alinisukumia mimi kwa sababu Salum hakukipenda. Sijawahi tena kula kwenye sinia la watu wasio ndugu zangu nikajiona nimefika nyumbani. Nalisema hili mapema, ili anayesoma ajue nilichokuwa nacho.

Sharti la mwisho lilikuwa la Bwana Khalfani mwenyewe, nami nililikubali kwa moyo wote: bunduki haishindiliwi mpaka mnyama asikike. Ukishaishindilia huwezi kuitoa risasi kwa urahisi, utaishia kuifyatua hewani, na baruti imepotea. Salum alikuwa akilivunja. Alipenda kuishindilia mapema ili asihangaike gizani, kisha nguruwe wasitokee, kesho yake asubuhi analazimika kupiga hewa. Mara ya kwanza baba yake alicheka. Mara ya pili hakucheka.

Mwisho wa masika niliangusha nguruwe dume, mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona. Watu wa nyumba ile hawakumsogelea. Mimi nilimwita mwalimu mmoja wa bara aliyeishi jirani, tukamchuna mbali kule mikoroshoni, tukamla na familia yake, na mafuta yake nikayayeyusha kwenye kopo. Yalikuwa bure, meupe, mazuri. Nikayachanganya na nta yangu iliyokuwa inakwisha, na naapa, sijawahi kuona mafuta ya risasi kama yale. Miezi miwili bunduki haikugoma hata mara moja. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba risasi hailiwi. Kisha Ijumaa moja Bwana Khalfani alikuja baada ya sala, akala, akatoka uani, akaokota risasi moja sahanini, akaisugua kwa vidole na kuinusa. "Haya mafuta ya nini, Tadei? Mazuri. Hayanuki." Enzi zile sikujua kudanganya. "Ya yule nguruwe, Mzee," nikasema. Aliirudisha risasi mahali pake polepole sana. Dada Zuwena alikimbilia ndoo. Yule mzee alinawa mikono mara saba, mara moja kwa udongo wa pale pale uani, na sote tulisimama tukimhesabia. Kisha akaniamuru niioshe bunduki vile vile, mtutu kwa maji ya moto na kitako kwa udongo, mara saba, yeye akiwa amekaa kwenye kigoda ananitazama. Nilipomaliza, jasho likinitoka, akasema, "Dini yako sina ugomvi nayo. Ulimla nikajua, sikusema kitu. Ila umeipaka bunduki ya baba yangu na ukanyamaza, na mie naishika. Kilichoniudhi ni kimya chako. Ungeniuliza, ningekwambia."

"Nisamehe, Mzee."

"Nimekusamehe. Kiwanja chako kipo pale pale. Ila hicho kitu kisirudi tena humu."

Nililia siku ile, nyuma ya mkorosho mmoja, kwa aibu. Nta ilikuwa imekwisha, shahamu ya kununua mzee hakutaka kuisikia, na mimi nilitamani kufanya jambo lolote la kuwapendeza. Dada Zuwena ndiye aliyetoa dawa. "Mbona mnahangaika?" akasema. "Mafuta ya nazi yapo. Sie tunapaka nywele, tunapaka watoto, tunakaangia. Hiyo bunduki ndiyo itakufa?" Alikuna nazi, akakamua tui, akalichemsha mpaka mafuta yakajitenga, akaniletea kwenye bakuli. Ilikuwa kipupwe, na asubuhi yalikuwa yameganda meupe, magumu, yanakatika kwa kisu. Niliyachanganya na vipande vya mishumaa. Tukapiga risasi tatu mfululizo kwenye kisiki, na ya tatu mdeki ulishuka kama kijiko kwenye uji. Bwana Khalfani alipokuja aliinusa risasi tena, safari hii akatabasamu. "Sasa nasikia harufu ya nyumbani," akasema. Laiti ningejua, ningeenda kuomba shahamu kwa magoti. Mtu wa Tabora kama mimi, sijawahi kuingia jiko la pwani, niliyajua mafuta ya nazi kwa miezi michache tu, nayo ya baridi. Wao walijua nazi hawakujua bunduki. Mimi nilijua bunduki sikujua nazi. Hata hivyo, tukilishika lile sharti la kushindilia mnyama akishasikika, mafuta yale yangetosha. Hilo nitalirudia mwishoni, maana ndilo lililonichoma.

Novemba joto likaja. Siku moja nimejilaza baada ya chakula cha mchana, nikasikia upande wa pili wa ukuta Bwana Khalfani akisema na mwanawe. Kuta za udongo hazina siri. "Mara ya tatu hii umepiga hewa, Salum. Baruti unadhani naokota? Ukipoteza nyingine, shamba zima namwachia Tadei alisimamie, na we urudi dukani uuze misumari." Kisha sauti ya Salum, ndogo kama ya mtoto, "Sitarudia, baba." Sioni haya kusema kwamba nilifurahi. Nililala pale chali nikitazama makuti ya dari, nikaanza kuijenga nyumba yangu chini ya msufi, chumba baada ya chumba, na kwenye kila chumba nikaweka dirisha la kuelekea kisima cha shamba.

Asubuhi moja ya Desemba nilikuta risasi sahanini zinatoka jasho. Matone yalikuwa yamejikusanya kwenye mifereji, na chini ya kila risasi pana kiduara cha mafuta. Nikashtuka. Nilimwamsha Salum. "Braza, sikiliza. Haya mafuta yameanza kuyeyuka. Mie naenda Mwenge, wale wachonga vinyago wanang'arishia nta, nitaomba mabaki. Leo usishindilie kabisa. Nguruwe wakija wafukuze kwa debe. Ukishindwa, basi shindilia pale pale ufyatue pale pale. Umenielewa?" Akajifunika shuka. "Nimekuelewa, mwalimu." Nikaondoka jua halijapanda. Mwenge nilikaa karibu siku nzima, kwani mchongaji mwenye nta alikuwa anasugua kinyago cha watu waliobebana na hakutaka kusemeshwa mpaka amalize. Alinipa mabaki kwenye kitambaa, akakataa chochote, akaniambia nimletee muhogo siku nikija. Nilirudi nikiwa na furaha. Kwenye njia ya kuingilia shambani, baada ya magharibi, giza halijakolea, nikakutana na watu wanne wamebeba mlango. Juu ya mlango alikuwa Salum, mguu wa kulia umefungwa khanga ya dada yake, na khanga yenyewe haina tena rangi yake. Aliniona. "Haikulia, Tadei," akasema. "Haikulia." Nguruwe jike mwenye watoto alikuwa mihogoni, Salum akamfuata hatua chache, akafyatua, fataki ikasema ta, basi. Yule mnyama akamjia.

Kesho yake Bwana Khalfani alinitaka niifungue bunduki mbele ya watu, kwenye baraza ya Mtoni, hii hii ambayo wiki iliyopita ilibeba jeneza. Nilichomoa risasi kwa kizibuo, ile parafujo iliyo mwisho wa mdeki. Ilitoka bila ubishi, inateleza. Kiduara cha karatasi kilikuwa kimelowa. Baruti nyuma yake haikumiminika, ilitoka kama uji mweusi, na baraza nzima ikanukia nazi. Mzee akauliza, "Iliingia lini?" Nikasema sijui, sikuwepo. Akasema, "Salum kasema ameishindilia magharibi, nguruwe wakiwa tayari mihogoni, kama ulivyomfundisha." Niliutazama uji ule mkononi mwangu. Kama mafuta yangu yaliweza kuiua baruti kwa dakika chache, basi mimi ndimi niliyempeleka kwa nguruwe mikono mitupu. Usiku sikulala, na alfajiri nikasikia dirishani mmoja wa wajomba wa Salum akisema, "Ana kinyongo tangu siku ile ya kunawishwa. Amelipiza." Nikangoja nimsikie Bwana Khalfani akimkatalia. Alikohoa tu.

Mguu ulikatwa siku ya nne. Nilikwenda hospitali, Salum akageuza uso ukutani, nami nikaona ni haki yake. Siku iliyofuata Bwana Khalfani aliniita dukani. "Sitakushitaki," akasema. "Ondoka tu." Nami, Mungu anisamehe, nikauliza habari za kiwanja. Mpaka leo sijui uso mkavu ule niliupata wapi. Mzee alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. "Kiwanja gani?" akasema. Nilipokuwa nakwenda na begi langu, Dada Zuwena alinikimbilia mpaka barabarani, akanipa maandazi kwenye gazeti, analia hata hawezi kusema. Niliyala maandazi yale siku mbili. Nilijiambia kwamba katika nyumba ile yupo mmoja anayejua sikukusudia, na imani hiyo ndiyo iliyonisukuma kwenda chuoni, na kuoa, na kusimama mbele ya watoto miaka yote ile bila kujiona muuaji.

Nimefundisha Temeke mpaka nimestaafu. Nina vyumba viwili Mbagala, ambavyo maji huingia kila masika, na mke wangu amechoka kuniuliza kwa nini mtu aliyeanza mjini mapema vile hakupata kiwanja mahali pa maana. Nilipita Mbweni mara moja, kwenye harusi. Msufi haupo. Pale pembeni kuna ghorofa lenye geti la kijivu na nyaya za umeme juu ya ukuta. Salum aliuza vipande vya shamba baada ya baba yake kufa. Sikumchukia. Kila Idi nilimtumia salamu, naye akajibu, maneno machache ya adabu. Zile siku za kufukuzwa nilikuwa nimesahau risasi tatu mfukoni, zimepakwa mafuta tayari. Mbili zilipotea katika kuhama. Moja ninayo mpaka leo. Kila mwaka joto likianza naipaka mafuta ya nazi na mshumaa, naiweka dirishani juu ya karatasi ya daftari, natazama mafuta yanachukua muda gani kuyeyuka. Mke wangu aliona ni wazimu. Kivulini hayayeyuki kwa dakika chache. Hayayeyuki hata kwa saa moja. Niliona hivyo mwaka baada ya mwaka, na bado nikajiambia kwamba labda siku ile ilikuwa na joto lake. Mtu akishazoea kosa, anakuwa mlinzi wake.

Baada ya maziko, mtoto wa Salum alinishika mkono. "Mwalimu, shangazi anakuita ndani." Dada Zuwena alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, amekuwa mdogo kama mtoto. Wanawake wengine walitupisha.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba, Tadei. Umezeeka."

"Sote, Dada. Pole sana."

"Nimeshapoa. Kaa." Alinyoosha ukingo wa khanga yake, akaukunja, akaunyoosha tena. "Salum aliniachia maneno yako. Ile siku ya nguruwe, bunduki hakuishindilia magharibi. Aliishindilia saa tatu asubuhi. We hata Mwenge ulikuwa hujafika. Alikuwa anaenda kucheza mpira Bunju, akataka akirudi jioni aikute tayari. Akaiegemeza kwenye bati la jiko, upande wa jua, akaondoka. Alimwogopa baba. Ameniambia nikwambie anaomba radhi."

Saa tatu asubuhi mpaka magharibi, Desemba, kwenye bati. Hata nta ya Tabora ingetoa machozi. Kisha nikasikia kilichokuwa kimejificha ndani yake.

"Alikwambia pia kwamba ilikuwa upande wa jua?"

"Nilikuwa napika, Tadei. Nimekuna nazi, nayo iko pale ubavuni kwangu. Saa saba niliisogeza nipite. Ilikuwa ya moto kama sufuria."

"Uliiona."

"Niliiona."

"Na siku ile nikiichomoa ile risasi, wajomba wakinitazama, ulikuwa nyuma ya pazia."

"Nilikuwepo." Machozi yalimtoka, yale yale ya barabarani, na kwa mara ya kwanza nikajua yalikuwa ya nini. "Niseme niende wapi? Nilishaachika. Baba akifumba macho, wa kunilisha alikuwa Salum. Na amenilisha, Tadei, mpaka juzi."

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Niliwahi kuwafundisha watoto methali hiyo ubaoni, nikawaambia watunge sentensi. Nilikuwa nimekula nao kwenye sinia moja, kichwa cha samaki kikisukumwa upande wangu, na ilipofika saa ya kuchagua, kaka na dada walichaguana na mimi nikapewa maandazi. Niliona hasira inanipanda, hasira ya kijana wa miaka ishirini na moja ndani ya kifua cha mzee, haina pa kukaa. Nilimfikiria mke wangu akichota maji sebuleni kwa ndoo. Nilimfikiria Salum, miaka yote ile, akizipokea salamu zangu za Idi.

"Mbona hukuniambia asubuhi?" nikauliza. "Nilifika saa mbili. Nilikaa hapo nje mpaka adhuhuri."

Dada Zuwena alitazama mkeka.

"Salum alinikataza. Alisema nikwambie mkisharudi makaburini. Ukishamsamehe."

Nikamwambia sijamsamehe. Niliitikia tu kwa sababu watu waliitikia.